Mnaosema Ulaya imebebwa na Marekani ndani ya NATO, hela ya gesi mnaiweka wapi kwenye hesabu?

#1 Mzee wa Ramani
Wakuu habari.

Kila mjadala wa NATO ninaoufungua nakuta hesabu ni ileile, nani anafikisha asilimia 2 ya pato la taifa kwenye ulinzi na nani hafikishi, basi aliyefikisha ni mwanaume na asiyefikisha kabebwa. Sikatai kwamba kubebwa kulikuwepo. Mwaka 2014 kule Wales walipokubaliana kila mmoja asogee kwenye hiyo asilimia 2 ndani ya miaka kumi, waliokuwa wamefika ni watatu tu, Marekani, Uingereza na Ugiriki. Ujerumani na utajiri wake wote ilikuwa kwenye moja na kitu.

Ila hiyo hesabu inaacha jambo kubwa. Kufikia 2021 zaidi ya nusu ya gesi ambayo Ujerumani ilikuwa inaagiza nje ilitoka Urusi. Sasa huo muungano upo kumzuia nani? Si huyohuyo? Mkono wa kulia unachangia mshahara wa mlinzi, mkono wa kushoto unamlipa yule ambaye mlinzi amewekwa kumzuia asiingie, na malipo ya mkono wa kushoto ndo yanaenda kila mwezi bila kukosa.

Msimamo wangu ni kwamba mshirika anayemtegemea adui kwa nishati ni mzigo kwa wenzake hata akitoa asilimia 4. Huo utegemezi ungewekwa kwenye jedwali kama deni. Karibuni, mnaopinga mje na hoja.

#2 Kiti cha Mbele
Nimeshakaa. Mada nzito hii.

#3 Kikokotoo
Mzee wa Ramani unazunguka mbuyu. Marekani analipa asilimia 70 ya NATO yote peke yake, wengine wanagawana makombo. Gesi ni biashara ya watu binafsi haihusiani na jeshi. Tusiwatetee watu ambao wameshindwa kulipa deni lao miaka kumi.

#4 Binti Hesabu
@Kikokotoo #3 hapo umechanganya mafungu mawili na karibu kila mtu huwa anayachanganya, ngoja niyatenganishe.

Fungu la kwanza ni mfuko wa pamoja, yaani makao makuu ya Brussels, kamandi, baadhi ya miundombinu. Huu una viwango vilivyokubaliwa na kwa 2024 na 2025 Marekani alitoa kama asilimia 16, sawa kabisa na Ujerumani. Zamani alikuwa anatoa 22, akashusha. Hakuna mwenye deni kwenye mfuko huu.

Fungu la pili ni bajeti za ulinzi za nchi zote ukizijumlisha. Hapo ndo Marekani alikuwa na takriban thuluthi mbili mwaka 2024. Lakini bajeti hiyo ya Marekani inalipia na meli zake za Pasifiki, vikosi vyake Korea na Japani, kila kitu. Hela hiyo haiingii NATO, ni jeshi lake. Na asilimia 2 haikuwa ada, lilikuwa lengo, maneno yenyewe ya 2014 yanasema nchi zilenge kusogea huko. Asiyefika kavunja ahadi, sawa, ila hadaiwi na mtu.

#5 Kikokotoo
Asante dada kwa ufafanuzi wa 16, hiyo nilikuwa sijui. Ila thuluthi mbili bado ni thuluthi mbili. Siku vita ikianza wanaangaliwa wenye ndege za kujaza mafuta angani, wenye satelaiti, wenye meli za kubeba vifaru. Wengi wa Ulaya hivyo vitu hawana, wana kidogo kidogo.

#6 Fundi Tanuru
Mi sio mtaalamu wa siasa ila hii ya "gesi ni biashara ya watu binafsi" imenigusa kwasababu nipo Ujerumani mwaka wa 14 huu na nafanya kazi kiwanda cha vioo, jina niliache.

Tanuru la kioo halizimwi. Likishawashwa linakaa kwenye nyuzi kama 1,500 usiku na mchana, Krismasi, Pasaka, miaka kumi na tano na zaidi mpaka matofali yake yachoke. Gesi ikikata ghafla kioo kinaganda humo ndani na tofali zinapasuka, tanuru limekufa, na kulijenga upya ni fedha ya kuuza kiwanda. Sasa Juni 2022 Warusi walipunguza gesi kwenye Nord Stream, bomba lao la kuja Ujerumani, mpaka asilimia 40, tarehe 23 mwezi huohuo serikali ikatangaza hatua ya pili ya dharura katika zile tatu, na kila mtu kiwandani akajua ikifika ya tatu majumba na hospitali ndo zinalindwa, viwanda vinakatwa. Julai ikashuka mpaka 20. Nakumbuka shifti ya usiku tulikuwa tunakaa chumba cha kontroo hakuna anayeongea, mzee mmoja aliyekuwa amebakiza miaka miwili astaafu alikuwa anaangalia geji ya presha ya gesi kama mtu anayemwangalia mgonjwa anavyopumua. Mwisho wa Agosti ikawa sifuri.

Menejimenti ilikuwa imetuambia miaka yote kwamba mkataba wa gesi ni wa muda mrefu na bei ni nzuri msiwe na wasiwasi. Bei kweli ilikuwa nzuri. Kwahiyo mi namuunga mkono mleta mada, ile bei nzuri ilikuwa ina kitu ndani yake ambacho hakikuandikwa kwenye bili.

#7 Kiti cha Mbele
@Fundi Tanuru #6 pole sana kaka. Tanuru lilipona?

#8 Kale ni Dhahabu
Naomba nimpinge mleta mada kwa heshima. Tunawaona Wajerumani kama walikuwa wamelala, hawakuwa wamelala, ilikuwa sera ya makusudi na ilianza mbali.

Februari 1970 kule Essen walisaini mkataba wa mabomba kwa gesi, Wajerumani wanatoa mabomba makubwa ya chuma, Wasovieti wanalipa kwa gesi, na gesi ikaanza kufika 1973. Wakati huo Ujerumani imegawanyika, vifaru vya Wasovieti viko upande wa pili wa ukuta. Hoja ilikuwa mtu mnayefanya naye biashara ana cha kupoteza akikupiga. Na kwa karibu miaka ishirini ya mwisho ya Vita Baridi gesi ilifika.

Wamarekani walipinga tangu mwanzo. Baada ya sheria ya kijeshi kutangazwa Poland, Desemba 1981, Rais Reagan aliweka vikwazo kwenye vifaa vya bomba la Siberia na mwaka uliofuata akavipanua mpaka kwa kampuni za Ulaya. Aliyekuja juu nani? Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza! Mtu wake wa karibu kabisa. Novemba 1982 Reagan akaviondoa. Kwahiyo huu ugomvi sio wa Trump, una zaidi ya miaka 40, na pande zote mbili zilikuwa na sababu zenye akili.

#9 Mzee wa Ramani
@Kale ni Dhahabu nakubali historia yako yote, ila unaisaidia hoja yangu. Msovieti hakukata kwasababu alikuwa anahitaji fedha za kigeni kuliko wao walivyohitaji gesi. Utegemezi ulikuwa wa pande mbili. Baadae uligeuka wa upande mmoja na hakuna aliyepiga hesabu upya. Crimea ya Ukraine imechukuliwa na Urusi 2014, mwaka unaofuata wanakubaliana kujenga bomba la pili, Nord Stream 2. Hiyo nayo ni sera ya makusudi?

Na 2018 Trump aliposimama Umoja wa Mataifa akasema Ujerumani itaitegemea Urusi kabisa kwa nishati, ujumbe wa Ujerumani ulionekana kwenye kamera ukicheka. Mtu anaweza kumchukia Trump kwa mambo mia lakini lile alilisema, na Nord Stream 2 ndo ikaja kuwapeleka mpaka 2022 wakiwa wamefungwa mikono na gesi yake.

#10 Fundi Bomba
Marekebisho madogo mzee, Nord Stream 2 haijawahi kuuza gesi hata siku moja. Ilimalizika Septemba 2021, Kansela Scholz wa Ujerumani akasimamisha kibali tarehe 22 Februari 2022, siku mbili kabla ya Urusi kuvamia Ukraine, na Septemba 26 mabomba yakalipuliwa. Iliyokuwa inaleta ni Nord Stream ya kwanza, ya 2011, mita za ujazo bilioni 55 kwa mwaka.

Ila mnazungumzia mabomba sana, kosa kubwa zaidi naona lilikuwa ghala. Kuna sehemu inaitwa Rehden, kaskazini ya Ujerumani, ndo hifadhi kubwa kuliko zote nchini humo, gesi inasukumwa chini ya ardhi kiangazi inatolewa wakati wa baridi. Mwaka 2015, nasema 2015, baada ya Crimea, hiyo hifadhi ikaingia mikononi mwa Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, kwa mkataba wa kubadilishana mali na kampuni ya Kijerumani. Kiangazi cha 2021 maghala mengine yanajazwa, Rehden ikaachwa karibu tupu. Kwa sisi tunaofanya kazi za mabomba hilo ndo la kutisha. Bomba likifungwa una ghala. Ghala nalo akilishika yuleyule, huna kitu.

Kununua kwa adui sio dhambi. Kumwachia adui ufunguo wa stoo ndo dhambi.

#11 Kikokotoo
Haya hilo la Rehden limeninyamazisha. Nani alisaini?

#12 Fundi Bomba
Kampuni kwa kampuni, serikali ikaridhia. Ndo maana sikubaliani na ile post yako ya kwanza kwamba biashara binafsi haihusiani na jeshi.

#13 Baharia wa Gesi
Salamu kutoka kwenye maji, mtandao unakuja na kuondoka mniwie radhi. Mi nipo kwenye meli za gesi ya kimiminika, tunabeba gesi imepoozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri inakuwa ndogo mara 600, na siku zote kuna kidogo inachemka inarudi kuwa hewa ndo tunaichoma kwenye injini. Oktoba 2022 tulikaa nje ya Hispania tunazunguka siku nyingi, meli zilikuwa nyingi mpaka usiku upeo wa macho ulikuwa kama mji una taa, Ulaya nzima inalia gesi halafu hakuna mitambo ya kutosha ya kuipokea, Ujerumani haikuwa na hata mmoja! Walikuja kujenga wa kwanza Wilhelmshaven kwa miezi kadhaa tu ukafunguliwa Desemba hiyohiyo, kitu ambacho walikuwa wanakijadili miaka.

Sasa ninachotaka kusema, mizigo mingi tunayoleta Ulaya siku hizi tunapakia ghuba ya Mexico. Marekani ndo muuzaji mkubwa wa gesi ya meli Ulaya, 2024 alikuwa na karibu nusu. Mzee wa Ramani utaiweka wapi hii kwenye jedwali lako, kutegemea rafiki ni deni au ni mchango?

Na ngoja niongeze, nimewahi kufunga kamba Klaipėda, Lithuania. Wao waliikodi meli nzima ya kupokelea gesi, jina lake Independence, yaani Uhuru, ikafika 2014. Kabla hata haijafika Gazprom ikawashushia bei mwaka huohuo. Aprili 2022 wakatangaza hawachukui tena gesi ya Urusi kwa matumizi yao, wa kwanza katika Umoja wa Ulaya. Nchi ndogo vile.

#14 Binti Hesabu
@Baharia hiyo ya Lithuania ni dhahabu, nimeikimbilia kwenye takwimu. Mwaka huo 2014 Lithuania ilikuwa inatumia chini ya asilimia 1 kwenye ulinzi. Kwenye jedwali la NATO ni mdandiaji kabisa. Lakini gharama ya ile meli ililipwa na wateja wa gesi wa Lithuania kwenye bili zao, na ilipofika 2022 meli ile iliwapa ujasiri wa kisiasa kuliko kikosi chochote ambacho wangeweza kukinunua kwa fedha hiyo. Kwenye safu ya ulinzi haionekani hata senti.

Kwahiyo Mzee wa Ramani kwa hili nakupa. Ila sababu ya watu kubebwa iko ndani zaidi ya gesi. Mwaka 1966 wachumi wawili, Mancur Olson na Richard Zeckhauser, walionyesha kwamba ulinzi wa pamoja ukishakuwepo unamlinda kila mtu, huwezi kumlinda jirani wa kushoto ukamwacha wa kulia, kwahiyo mdogo akishaona mkubwa anatoa kwa ajili yake mwenyewe, mdogo anapunguza. Sio uvivu wala ujanja wa Wajerumani, hata ungewaweka malaika wangefanya hivyo. Na ndo maana Ugiriki inafikisha miaka yote, haifikishi kwa ajili ya NATO, inafikisha kwa ajili ya Uturuki, ambaye yupo NATO hiyohiyo.

#15 Afande Mstaafu
Nimesoma mpaka hapa, mnaongea fedha tu. Nina la kusema.

Nimevaa gwanda miaka 19. Katika misheni moja ya nje tulishika barabara pamoja na kikosi cha nchi nyingine, siitaji. Magari yao mapya, redio nzuri, chakula kizuri. Jua likizama hawatoki getini. Sio woga, makamanda wao walikuwa wamepewa karatasi ya masharti kutoka kwao, usiku hakuna doria. Sisi na magari yetu ya kusukuma tulitoka. Mchana wote tulikuwa sawa kwenye ripoti, "vikosi viwili". Usiku ilikuwa kimoja.

NATO wameyaona hayohayo Afghanistan. Nchi kadhaa zilipeleka askari na masharti, kaskazini tu, usiku hapana, kusini hapana. Denmark, nchi ya watu milioni tano na nusu, walikwenda Helmand na wakapoteza zaidi ya askari 40, kwa idadi ya watu wao ni miongoni mwa waliopoteza zaidi. Miaka hiyo Denmark haikuwa inafikisha asilimia 2. Mwaka 2025 Denmark hiyohiyo ndo ikatakiwa imwachie mshirika wake Marekani kisiwa cha Greenland.

Na Kifungu cha 5 cha mkataba wa NATO, kile cha kulindana, kimetumika mara moja tu tangu 1949. Baada ya Septemba 11, 2001. Kumlinda Marekani. Ndege za rada za NATO zilikwenda kuzunguka anga la Marekani kuanzia Oktoba 2001 mpaka Mei 2002. Hilo liwekwe safu gani?

#16 Kiti cha Mbele
Afande umenifanya nisimame.

#17 Kikokotoo
Afande heshima kwako, nimeinama. Nauliza tu, Kifungu cha 5 si kinasema mmoja akipigwa wote wanaingia vitani? Mbona wengine walipeleka watu wachache hivyo?

#18 Kale ni Dhahabu
Hakisemi hivyo mkuu. Kinasema shambulio kwa mmoja ni shambulio kwa wote, kisha kila mmoja anachukua hatua anayoiona inafaa, ikiwemo kutumia nguvu. Hiyo "anayoiona inafaa" Wamarekani wenyewe ndo waliitaka 1949, baraza lao la Seneti lilikuwa halitaki kukabidhi mamlaka ya vita kwa mkataba. Watu wanarukia cha 5 wanasahau cha 3, ambacho kinamtaka kila mwanachama ajijengee uwezo wake mwenyewe wa kustahimili. Kwangu mimi ghala la gesi ni cha 3 kabisa.

Halafu swali la Baharia la kutegemea rafiki limepita kimyakimya, wacha nilichokonoe. 1956, Suez. Uingereza na Ufaransa wameingia na Israeli kumpiga Nasser wa Misri. Wanashinda kijeshi. Rais Eisenhower wa Marekani hataki. Hakurusha risasi, aliiacha tu pauni ianguke, akazuia Uingereza isipate msaada wa IMF mpaka wakubali kuondoka. Waziri wa fedha Macmillan, aliyekuwa wa kwanza kutaka vita, ndo akawa wa kwanza kusema tutoke. Mshirika mkubwa kuliko wote alikunjwa na mshirika wake kwa wiki kadhaa, kwa fedha tu.

Na wanaosema Wajerumani hawakulipa kamwe: miaka ya 60 Ujerumani Magharibi ilikuwa inafidia gharama za askari wa Marekani kwa kununua silaha za Marekani. 1966 Kansela Erhard alikwenda Washington kumwomba Johnson nafuu, akakataliwa, na serikali yake haikumaliza mwaka, bajeti iliivunja. 1967 benki kuu yao ikaandika barua kuahidi haitabadilisha dola zake kuwa dhahabu. Huo ni mchango au sio mchango? Ulilipwa kwa kukaa kimya.

#19 Mzee wa Ramani
Kwa Baharia na Kale: kutegemea rafiki sio sawa na kutegemea adui. Rafiki akikubana anataka ubadilishe msimamo, adui akikubana anataka ardhi. Mi nayaweka safu tofauti.

#20 Chuma Chakavu
Mzee hiyo tofauti Waukraine walikuonyesha kipimo chake Machi 2025, Marekani iliposimamisha kuwapa taarifa za kijasusi kwa siku kadhaa. Rafiki yuleyule, vita ileile, swichi imezimwa. Na Uswisi, ambao sio hata NATO, 2022 waliwakatalia Wajerumani kuwapa Ukraine risasi za mizinga ya Gepard kwa sababu zimetengenezwa Uswisi. Gepard ya Ujerumani, risasi ya Uswisi, vita ya Ukraine.

Mi nanunua na kuuza vyuma na sumaku chakavu ndo maana nafuatilia madini. Mnazungumzia Urusi, mimi naogopa China. China inasafisha karibu asilimia 90 ya madini adimu ya dunia. Kwenye mota yoyote nzuri mkivunja mnakuta sumaku, na ile sumaku ukiifuata nyuma unafika China. 2022 Wamarekani wenyewe walisimamisha kupokea ndege zao za kivita za F-35 kwa wiki kadhaa, kwasababu ndani ya kifaa kimoja cha ndege hiyo waligundua sumaku yenye aloi iliyotoka China. Ndege ambayo mwenye kuiogopa zaidi ni China! Wakaandika ruhusa maalum wakaendelea kuzipokea. Aprili 2025 China ikaweka vibali kwenye madini saba na baadhi ya viwanda vya vipuri vya magari Ulaya vikaanza kusimama ndani ya miezi miwili hivi.

Na sio teknolojia ya juu tu. Baruti ya mizinga inahitaji nitroselulosi, na nitroselulosi inatengenezwa na nyuzi fupi za pamba, na viwanda vya Ulaya sehemu kubwa ya nyuzi hizo walikuwa wanaagiza China. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi Ukraine risasi milioni moja za mizinga ndani ya miezi 12. Muda ulipofika wako kama nusu. Asilimia ngapi ya pato la taifa inakununulia pamba ambayo huna?

#21 Fundi Bomba
Pamba! Aisee.

#22 Kikokotoo
Kwahiyo Marekani, mbebaji mkuu, naye kabebwa na China. Uzi umenigeuza kichwa. Ila bado nasema bila shinikizo la Trump hawa watu wasingeamka. 2024 waliofika asilimia 2 ni zaidi ya ishirini kati ya 32.

#23 Binti Hesabu
Hapana kaka, angalia mwaka waliporuka. Kelele za Trump zilianza 2017, mwendo ukawa wa pole. Waliruka baada ya Februari 2022. Siku tatu baada ya uvamizi Scholz akatangaza mfuko wa jeshi wa euro bilioni 100. Poland imepita asilimia 4, na haikuhitaji kuambiwa na mtu, ina mpaka. Aliyewachangisha ni Putin.

#24 Afande Mstaafu
Wote wawili. Robert Gates alisimama Brussels Juni 2011, kwaheri yake kama waziri wa ulinzi, akawaambia wazi kwamba Wamarekani watachoka. Sio Trump, ni Gates wa serikali ya Obama. Walipiga makofi wakaenda kula.

#25 Binti Hesabu
Na Mzee wa Ramani, kuna kitu hujakigusa. Juni 2025 The Hague walikubaliana asilimia 5 ifikapo 2035. Katika hiyo, 3.5 ni jeshi lenyewe na 1.5 ni mambo ya kuzunguka jeshi, madaraja yanayobeba vifaru, bandari, mitandao, ustahimilivu. Yaani meli ya Klaipėda ya aina ile leo ingeweza kuhesabiwa. Hoja yako ya mwanzo wameshaianza nusu, wameweka anayejenga, hawajaweka anayebomoa. Hispania walisema wao watafanya kazi yao kwa 2.1.

#26 Mzee wa Ramani
Nusu naikubali dada. Ila hatari yake ni hiyo 1.5 kugeuka kapu, kila nchi itupie barabara yoyote iliyokuwa imepanga kujenga. Mi nilitaka kinyume chake, Rehden ikiuzwa ihesabiwe inapunguza.

#27 Kale ni Dhahabu
Nani atapunguza? Hapo ndo penyewe. Muungano wa Waathene miaka ya 400 na kitu kabla ya Kristo ulianza hivihivi, kila mji unatoa meli au fedha kuwazuia Waajemi, hazina iko kisiwa cha Delos. Miji mingi ikaona bora itoe fedha, Athene itengeneze meli. Mwaka 454 hazina ikahamishiwa Athene. Baada ya hapo mji ukitaka kutoka, zile meli zilizojengwa kwa fedha yake ndo zinakuja kuurudisha. Mwenye kupiga hesabu ya nani kachangia nini anakuwa ndo bwana wa muungano. Ukimpa mtu kalamu ya kupunguza, umempa mengi.

#28 Chuma Chakavu
Ufaransa waliliona hilo, walikuwa wameshajenga bomu lao la nyuklia na ndege zao, 1966 Rais De Gaulle akawatoa kwenye kamandi ya pamoja. Walirudi 2009. Gharama yake iliwauma lakini leo ndege zao hazisubiri ruhusa ya mtu.

#29 Fundi Bomba
Halafu Uturuki kwenye uzi huu mmemwacha. Kanunua mitambo ya S-400 ya Urusi ya kutungulia ndege, ilipofika Julai 2019 akatolewa kwenye mradi wa F-35. Jeshi kubwa la pili NATO. Safu gani?

#30 Fundi Tanuru
Samahani nilikuwa shifti. @Kiti cha Mbele uliuliza tanuru kama lilipona. Lilipona. Walileta matangi ya mafuta wakayapanga nyuma ya stoo, wakabadilisha baadhi ya vichomeo, tukajifunza kuchanganya mafuta na gesi, moto wa mafuta una rangi nyingine kabisa, wa njano mzito, na kioo cha wiki za mwanzo kilikuwa na mapovu tukakitupa chote. Baridi ya mwaka ule haikuwa kali, hilo ndo lilituokoa kuliko waziri yeyote. Kiwanda cha jirani tulichokuwa tunagawana nao reli, cha kemikali, wamefunga mtambo mmoja na hawajaufungua tena.

Yule mzee wa geji amestaafu. Gesi ya sasa inakuja, presha nzuri, bei sio ile ya zamani. Juzi kijana mgeni kwenye shifti akaniuliza hii inatoka wapi siku hizi. Nikamwambia kwa meli. Akauliza meli ya nani.

#31 Baharia wa Gesi
@Fundi Tanuru mwambie kijana tunaingia Wilhelmshaven Alhamisi hali ya hewa ikiruhusu, mzigo wa Marekani. Mwenye meli ni Mnorway, bendera ni ya nchi nyingine kabisa, na sisi humu ndani tuko mataifa sita.